Trekta Bila Dereva na Shamba Lisilo na Ramani

Kila inapozuka picha ya trekta linalolima peke yake, kiti kitupu na usukani ukijizungusha, picha hiyo hunifikia kwenye simu kutoka kwa jamaa na marafiki kabla jua halijatua. Wanajua kwamba kazi yangu ni upimaji wa ardhi, na wanajua pia kwamba familia yetu ina shamba ng'ambo ya mto Sabaki, kwa hivyo huniuliza matrekta hayo yatafika Malindi lini. Jibu langu ni refu mno kuandikwa kwenye simu. Sehemu kubwa ya teknolojia hiyo imeshafika, sehemu nyingine imekuwa ikipita juu ya vichwa vyetu kwa miaka mingi, na kinachokosekana kwetu si trekta.

Nianze na anga, maana Malindi ina haki ya kuanza na anga. Kaskazini ya mji, pale Ngomeni, Waitaliano walijenga majukwaa ya chuma baharini chini ya mradi wa San Marco ulioongozwa na mhandisi Luigi Broglio, na kati ya 1967 na 1988 roketi zikawa zinaruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Roketi zilikoma, lakini kituo cha nchi kavu kikaendelea na kazi ya kuzungumza na setilaiti. Wachache zaidi wanajua kwamba hapa Malindi Shirika la Anga za Juu la Ulaya liliweka kipokezi cha kudumu cha kusikiliza setilaiti za GPS, mfumo wa Marekani wa kujua mahali, na za mifumo mingine, na kwamba vipimo vyake vimekuwa vikiingia katika mtandao wa kimataifa unaokokotoa setilaiti hizo ziko wapi hasa na saa zao zimekosea kwa kiasi gani. Bila hesabu za namna hiyo, hakuna trekta popote duniani ambalo lingeweza kushika mstari. Tunachangia vipimo, kisha tunatumiwa picha za matrekta ya watu wengine.

Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi kilicho ardhini hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, na kwa kuunganisha vipimo vya setilaiti nne au zaidi hujua kiko wapi. Kazi hii haina huruma kwa saa mbovu, kwa sababu mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa pia ikiipotosha kwa makusudi ishara inayotumiwa na raia. Rais Bill Clinton alipoamuru upotoshaji huo ukomeshwe, kosa likashuka kutoka mita mia moja hivi hadi mita kumi au ishirini, na baadaye likaendelea kupungua kadiri vipokezi vilivyoboreshwa na mifumo ya Urusi, Ulaya na China ilivyoongezeka. Kosa la mita chache halimsumbui mgeni anayetafuta hoteli yake Casuarina. Anayepanda mahindi kwa mistari iliyoachana sentimita 75 atakuwa ameupanda mstari mmoja juu ya mwingine.

Dawa ya kosa hilo ni ileile tunayoitumia sisi wapimaji. Unasimamisha kipokezi kimoja juu ya mahali ambapo vipimo vyake vinajulikana kwa uhakika, nacho hakisogei. Hicho ndicho kituo mama. Kwa kuwa kinajua kilipo, kikisikia setilaiti zikikiambia kiko mita mbili pembeni, kinafahamu kwamba zile mita mbili ni kosa la njiani, na hulitangaza kosa hilo kwa redio kila sekunde. Kipokezi cha pili, ambacho kwangu huwa kwenye fimbo na kwa mkulima huwa juu ya paa la trekta, huliondoa kosa hilo katika hesabu yake. Zaidi ya hapo, vipokezi hivi havitosheki na ujumbe unaobebwa na wimbi bali hupima wimbi lenyewe, ambalo kwa GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi, na kwa kuhesabu mawimbi na vipande vya wimbi hupata mahali kwa usahihi wa sentimita mbili au tatu. Sharti ni kwamba kituo mama kisiwe mbali sana, kwa kawaida ndani ya kilomita kumi hadi ishirini, kwa sababu ukienda mbali hewa iliyo juu yako na iliyo juu yake hazifanani tena.

Wazo la kumwondoa mtu kwenye usukani ni la zamani kuliko setilaiti. Mmarekani Frank Andrew, katika miaka ya 1940, alisimamisha pipa katikati ya shamba, akalizungushia kebo iliyofungwa kwenye usukani wa trekta. Trekta likawa linazunguka pipa na kebo ikilivuta kidogo kidogo kufuata duara. Baadaye watu walijaribu kuzika nyaya ardhini ili trekta lizifuate. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipoliongoza trekta kubwa la shamba kwa GPS ya kupima wimbi, wakapata usahihi wa sentimita. Miaka michache baadaye wakulima wa nafaka wa Australia, wenye mashamba ambayo ncha yake huioni, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua mitambo hiyo dukani.

Pipa la Andrew halijafa. Yeyote aliyewahi kufika kwenye mradi wa Galana Kulalu, ambao shamba lake la mfano la ekari 10,000 lilianza mwaka 2014 juu ya mto huuhuu tunaouita Sabaki ukikaribia bahari, ameona mabomba marefu ya kumwagilia yaliyopachikwa kwenye magurudumu, yakizunguka taratibu kuzunguka nguzo moja. Hiyo ni mashine ya shamba inayojiendesha. Haimshangazi mtu kwa sababu njia yake ni moja tu na haina pa kukosea.

Ndani ya trekta lenyewe, kinachoonekana kwenye picha ni usukani unaojizungusha, lakini kazi ngumu iko kwingine. Dereva huliendesha mara moja kutoka ncha ya kwanza ya shamba hadi ya pili, kompyuta ikaukariri mstari huo, kisha ikachora mistari sambamba kwa kufuata upana wa jembe au haro, chombo cha kuvunja madongoa. Mota iliyofungwa kwenye usukani, au vali ya haidroliki, hulishikilia trekta kwenye mstari. Sasa fikiria kwamba antena iko juu ya paa, mita tatu hivi kutoka ardhini. Trekta likiinama digrii tano tu kwenye mteremko, antena huhamia pembeni kwa sentimita 26 ilhali magurudumu hayajaondoka mahali pake, kwa hiyo lazima kuwe na kihisi cha kupima mwinamo, la sivyo ule usahihi wote wa sentimita mbili umepotea bure. Tena, kwa mwendo wa kilomita kumi kwa saa, trekta hupita karibu mita tatu kila sekunde. Kompyuta ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde kutoa amri, trekta limeshasonga sentimita 28 mbele ya amri hiyo. Ndiyo maana ninapowasikia vijana wakisema kwamba hii ni simu tu iliyofungwa kwenye usukani, mimi hucheka.

Faida yake si ya kubuni. Dereva mzuri, akiogopa kuacha kipande bila kulimwa, hurudia kidogo ukingo wa mkondo uliotangulia. Haro ya mita tatu ikirudia sentimita 30 kila mkondo, mwenye ekari kumi atalipia dizeli ya ekari kumi na moja. Katika shamba la ekari elfu hesabu hiyo hununua mtambo mzima. Katika ekari zetu mbili tatu za ng'ambo ya mto, tutaokoa lita chache.

Hadi hapo dereva bado yupo kitini, anapumzisha mikono tu. Hatua ya kumshusha imekuja polepole, na kila mara ilikuja na masharti ambayo picha za simu haziyaonyeshi. Mwaka 2016 kampuni ya matrekta ya Case IH ilionyesha huko Iowa, Marekani, trekta la majaribio ambalo halikuwa hata na kibanda cha dereva. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Harper Adams nchini Uingereza kilivuna hekta moja ya shayiri, kama tani nne na nusu, iliyopandwa, kutunzwa na kuvunwa bila mtu kukanyaga shambani, kwa kutumia trekta dogo la kawaida la Iseki na mtambo wa kompyuta uliokusudiwa droni. Mwaka 2022, jijini Las Vegas, kampuni ya matrekta ya John Deere ilitangaza trekta lenye jozi sita za kamera zinazotazama pande zote. Mkulima hulipeleka mpaka shambani, huliandaa, hushuka, hutelezesha kidole kwenye simu, kisha huondoka. Kamera zikiona kitu zisichokielewa, trekta husimama na kumwita.

Mimi naiona hekta ya Harper Adams kuwa habari kubwa kuliko ile ya Las Vegas, kwa sababu ilionyesha kwamba trekta dogo, la ukubwa unaoingia katika mashamba yetu, linaweza kufanyiwa kazi hii kwa vifaa visivyo vya ajabu. Lakini hata hekta hiyo ilikuwa imepimwa pembe zote, imesafishwa, na hakuna aliyekuwa akipita katikati yake kwenda kisimani.

Masika moja nilikaa kwenye bawa la gurudumu la nyuma, kando ya dereva wa trekta la kukodi aliyekuwa akitulimia. Ni mzee wa makamo, Mgiriama wa upande wa Magarini, na ameshika usukani tangu ujanani. Jembe lilikuwa la sahani tatu, lile ambalo kila mtu hulitumia kwetu, na sababu ya kulitumia ni kwamba sahani hupanda juu ya mzizi au jiwe na kushuka upande wa pili, pale ambapo jembe la bapa lingenasa na kuvunjika. Katikati ya mkondo, mahali ambapo mimi niliona udongo mtupu, akavuta mkono wa haidroliki, jembe likainuka, tukapita hatua kadhaa hewani, kisha akalishusha tena.

"Mzee, mbona umeinua?"

"Hapo chini mna shina la mkorosho, bwana mpima. Waliukata, hawakuung'oa. Babu yako angekuonyesha."

Mbele zaidi aliuacha mkondo ukapinda kama upinde kuzunguka kichaka ambacho kwa macho yangu hakikuwa na tofauti na vichaka vingine. Sikuuliza, alinieleza mwenyewe. Palikuwa na mji zamani, na waliokufa walizikwa hapo. Vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilivyosimama juu vimeshaoza au vimeshaibwa, kama vilivyoibwa vingi katika nchi ya Mijikenda vikaishia kwenye makumbusho na majumba ya watu ng'ambo, lakini makaburi yapo palepale. Hakuna ramani ya serikali iliyoyaandika makaburi hayo. Niliwahi kuupima mpaka wa shamba hilo kwa kipokezi cha sentimita mbili, nikaweka bikoni zangu, na makaburi hayamo katika faili langu.

Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498 alikuwa na merikebu, mizinga na mabaharia. Alichokuja kuomba kwa mfalme wa Malindi ni rubani. Dereva wetu ni rubani wa aina hiyo, na ukimwondoa huna budi kwanza uyatoe yote yaliyo kichwani mwake uyaandike mahali ambapo kompyuta itayasoma: mashina, makaburi, mchanga unaomeza gurudumu, njia ya wapitao, mstari wa minazi ambao mwenye minazi si mwenye ardhi. Hili la mwisho si mzaha. Pwani hii mtu anaweza kumiliki miti bila kumiliki udongo unaoibeba, na maelfu ya watu wanalima ardhi ambayo hati yake iko kwa mtu mwingine, au haipo kabisa, matatizo yanayorudi nyuma hadi sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 na kabla yake. Trekta lisilo na dereva hutaka kwanza lichorewe mpaka, na mpaka ukichorwa na mtu mmoja bila jirani kukubali, trekta limeshaingizwa katika kesi.

Ndiyo maana naamini kwamba kama trekta la namna hiyo litaonekana karibu nasi, litaonekana kwanza kwenye mashamba makubwa kama ya Galana, ambako pori limeshafyekwa, mpaka ni mmoja na hakuna nyumba ndani. Sisemi kwamba hilo ni baya. Nasema tu kwamba tusije tukaambiwa siku moja kuwa mashamba madogo ya Marafa au ya Hindi kule Lamu yameachwa nyuma kwa sababu wenyewe hawataki maendeleo. Tumewahi kuletewa mashine kwa pupa. Mradi wa makazi wa Magarini, uliofadhiliwa na Australia kuanzia miaka ya 1970, ulifyeka vichaka kwa matingatinga katika nchi kavu isiyo na maji ya uhakika, na leo unasomwa vyuoni kama mfano wa mradi ulioshindwa. Matingatinga yenyewe yalifanya kazi yake sawasawa.

Jambo lingine halimo katika picha kwa sababu halionekani. Wauzaji husifu kwamba trekta bila dereva halilali, litalima usiku kucha. Kule Iowa, sawa. Lakini juu yetu kuna tabaka la hewa yenye chembe za umeme liitwalo ionosfia, na katika ukanda ulio karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, ambao Malindi na Lamu zimo, tabaka hilo huchafuka baada ya jua kutua. Hutokea ndani yake mapovu makubwa yenye chembe chache, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo hupepesuka hata kipokezi kikapoteza hesabu ya wimbi. Hali hiyo huwa kali zaidi karibu na Machi na Septemba, wakati usiku na mchana vinapolingana, na hasa katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Machi na Aprili ndio wakati wetu wa kutayarisha mashamba ya masika. Kwa maneno mengine, saa ambazo mashine hii ingetufaa zaidi, baina ya magharibi na usiku wa manane katika msimu wa haraka, ndizo saa ambazo mbingu yetu haiaminiki sana. Hata walio mbali na ikweta hawakusalimika: dhoruba ya jua ya Mei 2024 iliwakuta wakulima wa Marekani katikati ya kupanda mahindi, na wengi wakalazimika kusimamisha mashine zao kwa sababu zilikuwa zikihama mstari. Kwa Lamu ongeza kwamba kaunti nzima imewahi kuwekewa amri ya kutotoka nje usiku baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, na kwamba upande wa Witu na Hindi nyati huja mashambani gizani. Sijui kamera za trekta zimefundishwa kumtambua ng'ombe wa Iowa kwa kiasi gani, lakini nyati hatasubiri ipigwe simu kwa mwenye shamba.

Nao ufunguo, je, unakaa kwa nani? Mwaka 2022, jeshi la Urusi lilipouteka mji wa Melitopol nchini Ukraine, mashine za kilimo zilizoporwa kwa muuzaji mmoja zilisafirishwa mpaka Chechnya, na zilipofika zikakutwa zimefungwa kutoka mbali, haziwaki. Watu walishangilia, na mimi pia nilifurahi kuona mwizi ameumbuka. Lakini kitasa kinachoweza kumfungia mwizi kutoka bara jingine kinaweza kumfungia pia mkulima aliyechelewesha malipo, au aliyempa fundi wa mtaani kazi ambayo kampuni inataka ifanywe na fundi wake. Huko Marekani kwenyewe, Januari 2025, serikali iliishtaki John Deere mahakamani kwa madai kwamba inawabana wakulima katika matengenezo. Mafundi wetu wa Malindi wanaweza kulifufua trekta la miaka arobaini kwa vyuma vilivyochongwa palepale gereji. Programu iliyofungwa haichongwi.

Baada ya kusema yote hayo, jamaa zangu hudhani kwamba mimi ni mpinzani wa teknolojia hii. Hapana. Kuna kipande chake kimoja ambacho ningekitaka hata leo jioni, nacho hakihitaji kumshusha mtu yeyote kitini.

Kwetu trekta hukodiwa kwa ekari, na ekari hupimwa kwa miguu. Kanuni inayojulikana na kila mtu ni hatua 70 kwa hatua 70. Kanuni yenyewe ni nzuri, kwa sababu ekari ni yadi za mraba 4,840 na sabini mara sabini ni 4,900, ilimradi kila hatua iwe yadi moja. Lakini hatua ni ya nani? Mtu mrefu anayetupa mguu kwa sentimita 90 atapata uwanja wa mita 63 kwa 63, ambao ni karibu ekari kamili. Mwenye hatua ya sentimita 80 atapata mita 56 kwa 56, yaani mita za mraba 3,136, ambayo ni kama robo tatu ya ekari iliyopewa jina la ekari. Basi mwenye trekta humtuma utingo mfupi akapime, na mwenye shamba humwita mwanawe aliye mrefu kuliko wote. Nimeshuhudia watu wazima wakirudi mwanzo wa shamba kuhesabu upya huku kila mmoja akinung'unikia miguu ya mwenzake. Simu ya mkononi husaidia kiasi, ila kosa la mita tatu kwenye kila upande wa uwanja wa ekari moja hubadilisha eneo kwa karibu sehemu moja ya kumi, na sehemu moja ya kumi ya malipo ni pesa ya mbegu.

Kipokezi kilicho juu ya trekta, kikisahihishwa na kituo mama, humaliza ugomvi huo kwa sababu kinajua kila mahali ambapo jembe lilikuwa chini na kila mahali lilipoinuliwa. Hapa ndipo teknolojia hii imeanza kuingia Kenya kimyakimya. Kampuni kama Hello Tractor, iliyoanza mwaka 2014, hufunga kwenye matrekta ya kukodi kifaa chenye GPS kinachomwambia mwenye trekta liko wapi na limelima kiasi gani, na mkulima huliagiza kwa simu. Usukani bado uko mikononi mwa dereva. Kifaa cha namna hii si cha usahihi wa sentimita, lakini kimegusa mahali panapouma.

Nachotaka sasa ni kituo mama cha wote. Vifaa vyake nimevibeba mgongoni miaka mingi: kipokezi, redio, betri na paneli ya sola. Kikisimamishwa Gongoni, kwenye paa la jengo la umma ambalo halizibwi na minazi, kitahudumia Mambrui na Ngomeni bila shida. Wapimaji wataacha kusimamisha kila mmoja chake, mwenye trekta atapata ekari za kweli, na siku ambayo mtu atataka kufunga mota kwenye usukani wa trekta lake, ishara itakuwa ipo. Mpeketoni na Hindi wangehitaji vyao, kwa sababu umbali hauruhusu kuazima chetu. Kwa wasioweza kungoja, mfumo wa Galileo wa Ulaya tangu Januari 2023 hutoa bure masahihisho yanayolenga usahihi wa sentimita 20 hivi kutoka setilaiti moja kwa moja, na kwa kupima ekari ya kulimiwa sentimita 20 ni usahihi mkubwa kuliko tunavyohitaji.

Dereva wetu nilipomweleza mpango huu hakuuliza habari ya kazi yake kupotea, kama nilivyotarajia. Aliuliza hiyo namba ya ekari itatokea kwenye simu ya nani. Yeye hulipwa na tajiri wake kwa ekari, tajiri hulipwa na mkulima kwa ekari, na kwa vifaa vilivyopo sasa namba humwendea mwenye trekta peke yake. Alitaka iandikwe kwenye kioo kidogo kilichofungwa nje ya bawa la gurudumu, ili mwenye shamba aliyesimama chini aisome, naye dereva aisome, kabla pesa haijatoka mfukoni. Nimelichora pendekezo la kioo hicho na kulipeleka kwa chama cha ushirika pamoja na lile la kituo. Chama kimejibu kuhusu kituo, wanataka kujua nani atalipa betri zikichakaa. Kuhusu kioo bado hawajajibu, na wajumbe wawili wa kamati yao wana matrekta ya kukodisha.